Mkisema "chanya ni kinyume cha saa", semeni pia msomaji asimame wapi

Mhariri,

Mimi ni fundi wa gia na shafti hapa Kisumu, karakana yetu iko upande wa Kibuye, na ule ukurasa wenu wa ufundi tunausoma kila unapotoka, vijana wangu huukata na kuubandika ukutani karibu na grainda. Majuzi mliandika kuhusu mashine za CNC, zile zinaongozwa na kompyuta, zenye mhimili wa nne, ule wa kuzunguka, mkaeleza vizuri kabisa vile unafungwa na kazi zake, lakini mlipofika kwa mwelekeo mkamaliza na sentensi moja, ati upande wa chanya ni kinyume cha saa. Basi, mkapita.

Kesho yake asubuhi kijana mmoja wangu akasimama mwisho wa meza, upande wa kulia, akaandika A90, yaani huo mhimili wa kuzunguka ugeuke digrii 90 upande wa chanya, akabonyeza, akaona chaki, ile inashika chuma kinachokatwa, inazunguka vile saa inazunguka. Akanijia mbio. "Fundi, hii mota ilifungwa vibaya, gazeti linasema inafaa kuzunguka vile ingine." Nilipofika alikuwa ashazima stima na ako na bisibisi mkononi, anataka kugeuza waya.

Mota haikuwa imefungwa vibaya. Na nyinyi pia hamkudanganya, hapo ndipo nataka tuelewane, maanake hii si barua ya kulaumu. Sentensi yenu ni kweli kama anayezunguka ni kisu. Kwa mashine yetu na kwa mashine nyingi sana hapa Kenya zenye mhimili wa nne, kisu hakizunguki kuizunguka kazi, yaani kile kipande kinachokatwa, kazi ndiyo inazunguka chini ya kisu. Na pia saa iko na pande mbili, ukiitazama kutoka nyuma mishale inaenda kinyume. Kwa hivyo mtu akisema saa ama kinyume cha saa bila kusema umesimama wapi na ni nani anatembea, hajakuambia kitu bado.

Wacha nianze na mkono, kwa sababu ndio mwanzo wa haya yote. Simama mbele ya mashine ya milingi ya kusimama, ile kisu chake kinashuka kutoka juu. X chanya ni kulia kwako, Y chanya ni mbele kuelekea ule mnara wa mashine, Z chanya ni juu. Sasa toa mkono wa kulia, si wa kushoto, fungua kiganja kitazame juu, gumba ielekee kulia, kidole cha shahada kielekee mbele, cha kati ukisimamishe. Hizo ndizo X, Y na Z. Kukumbuka ile ya kuzunguka, kunja ngumi kama umeshika bomba na gumba ikielekea X chanya, vidole vinne vinapoelekea kukunjwa hapo ndipo A chanya. Gumba ikielekea Y chanya, vidole vinakuonyesha B. Ikielekea Z, hiyo ni C. Haya si maneno ya fundi fulani, iko kwa kanuni ya kimataifa inaitwa ISO 841, na ndiyo karibu kila kontrola, ule ubongo wa mashine, inajaribu kufuata, ya bei na ya bei rahisi.

Lakini kanuni hiyo iko na sharti moja ambalo watu wengi hawaambiwi. Inazungumzia safari ya kisu ukilinganisha na kazi, yaani unajifanya kazi imetulia tuli na kisu ndicho kinatembea, hata kama kwa macho unaona vingine. Ni kama kupanda matatu hapa stendi uende Ahero. Ukichungulia dirishani miti inakimbia inarudi nyuma, lakini hakuna mtu anasema miti imeenda Kisumu, tunasema sisi tumeenda Ahero. Kisu ndicho abiria. Miti ni kazi yako iliyo mezani. Ndiyo maana ukibonyeza X chanya kwa mashine ya kawaida meza inaenda kushoto, na kila mwanafunzi siku ya kwanza anashtuka, mpaka aelewe meza ikienda kushoto kisu kimeenda kulia juu ya kazi.

Na mzunguko ni vivyo hivyo. Kama kazi ndiyo inazunguka, A chanya utaiona inaenda kinyume na vile vidole vyako vinakunjwa. Kwa hivyo ukisimama mwisho wa kulia wa mashine, upande wa X chanya, uangalie kushoto kuelekea chaki, A chanya iliyo sawa utaiona inazunguka vile saa inazunguka. Ukihamia mwisho wa kushoto uangalie kulia, chaki ileile, mwendo uleule, utaona kinyume cha saa. Kijana wangu alikuwa amesimama kulia. Mashine ilikuwa sawa kabisa.

Sasa mtauliza kwa nini fundi anaandika barua ndefu hivi kwa sababu ya mshale tu. Ni juu hiyo mshale ilinigharimu, na nataka isimgharimu mwingine.

Kuna mzee mmoja kutoka upande wa Malava ako na kinu cha sukari nguru. Gia kubwa ya kwenye gearboksi yake ilivunjika meno, ile ya meno ya mshazari, si yale yamenyooka. Akaniletea kwa gunia, mimi nikapima, meno 30, moduli 4 (kipimo cha ukubwa wa jino), mshazari wa digrii 15. Kwa vipimo hivyo kipenyo cha katikati ya meno kinakuja kama milimita 124, na jino moja likiendelea mpaka lizunguke gia mzima lingehitaji urefu wa kama mita moja na nusu. Gia yenyewe ilikuwa na upana wa milimita 60 tu, kwa hivyo kisu kikitoka mwanzo wa jino mpaka mwisho, chaki inageuka digrii 15 hivi pekee. Mwendo mdogo hivyo hauuoni kwa macho ukiwa umesimama hapo na maji ya kukatia yanaruka. Nikakata siku mbili nzima, nikasafisha, nikapima unene wa meno, sawa. Upana, sawa. Tundu la katikati, sawa. Nikampigia mzee akaja akachukua.

Jioni simu. "Fundi, hii gia imekataa kushikana na mwenzake."

"Imekataa aje mzee wangu, ni kubwa ama ni ndogo?"

"Si kubwa si ndogo, meno yake yanalala huku na ya mwenzake yanalala huku huku. Yanapandana."

Nilikaa chini. Gia mbili za mshazari kwa shafti mbili zilizo sambamba lazima moja ilale kulia na nyingine kushoto ndio zishikane, na mimi nilikuwa nimemkatia yenye kulala vile mwenzake inalala. Vipimo vyote vilikuwa sawa isipokuwa mkono, yaani upande meno yanalala. Chuma, siku mbili, nauli ya mzee kurudi, na msimu wa miwa ulikuwa umeanza, wakulima wanaleta na kinu kimesimama. Chuma peke yake nililipa mara ya pili karibu Sh18,000, lakini hiyo si kitu mbele ya kumuangalia mzee akishusha gunia mara ya pili.

Nilitafuta makosa kwa programu usiku mzima na sikuyapata, kwa sababu hayakuwa huko. Miezi minne kabla ya hapo tulihamisha ile kifaa cha kuzungusha. Kilikuwa mwisho wa kulia wa meza, uso wa chaki ukiangalia kushoto, tukakitoa tukakifunga mwisho wa kushoto uso ukiangalia kulia, kwa sababu ya shafti ndefu na ukuta ulikuwa unatubana. Mota ikabaki vile ilikuwa, kontrola ikabaki vile ilikuwa. Sasa fikiria, mota haijui imegeuzwa, yenyewe inazungusha chaki upande uleule ukiiangalia usoni, lakini uso sasa unaangalia upande mwingine, kwa hivyo ukilinganisha na X mzunguko umegeuka. Kile kilikuwa A chanya kimekuwa A hasi na hakuna taa iliwaka, hakuna kengele ililia.

Na kwa nini miezi minne hatukujua? Kwa sababu kazi zote tulizofanya zilikuwa za kugawanya tu. Gia za meno yaliyonyooka, nati za pembe sita, flanji za mashimo manane. Kazi ya namna hiyo ukigawanya kulia au kushoto inatoka sawasawa, huwezi kutofautisha hata ukiwa na darubini. Mafundi wa zamani waliofanya na ile divaiding hedi ya mkono, yenye mizunguko 40 ya mpini kwa mzunguko mmoja wa kazi, wanajua hili, kwa gia ya kawaida hakuna mtu aliwahi kuuliza mpini unazungushwa upande gani, mradi usirudi nyuma ukaingiza uchezaji wa gia. Makosa ya mwelekeo yanajificha ndani ya kazi rahisi yakingoja kazi ngumu, na kazi ngumu kwa kawaida ndiyo ya pesa nyingi.

Baada ya hapo nikatengeneza njia ya kujaribu ambayo haihitaji kukumbuka saa wala usimame wapi, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuandika. Chukua kipande cha bomba la plastiki la maji ukifunge kwa chaki. Kwenye spindo, badala ya kisu, funga kalamu ya wino mzito, spindo isizunguke. Shusha kalamu iguse juu ya bomba katikati, weka X sufuri na A sufuri, kisha uambie mashine iende X50 (milimita 50) na A360 (mzunguko mmoja) kwa pamoja, laini moja, mwendo wa polepole. Itachora mstari unaojiviringa. Sasa toa bolti ya kawaida mfukoni, ile inafungwa kwa kuzungusha kulia, uiweke kando ya bomba. Mstari ukilala vile nyuzi za bolti zinalala, A yako ni sawa na kanuni. Ukilala kinyume, imegeuka. Hakuna kitu kingine cha kujua.

Uzuri wa bolti ni kwamba haina mbele wala nyuma. Igeuze juu chini, iangalie kutoka Kisumu ama kutoka Busia, nyuzi bado zinalala upande mmoja, ukiisimamisha zile za mbele yako zinapanda kuelekea kulia. Kwa hivyo haijalishi kifaa kiko kulia au kushoto mwa meza, haijalishi ni meza inatembea au ni kichwa, X chanya pamoja na A chanya lazima itoe mkono wa kulia. Na jaribio hilohilo linakuonyesha kama hesabu ya mota yako iko sawa, kwa sababu mashine ikisimama, mwanzo wa mstari unafaa uwe umerudi juu kabisa, umelingana na mwisho wake. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, draiva (kile kinaendesha mota) imegawanya kila hatua mara 16, gia ya 90 kwa 1, hiyo inatoa hatua 800 kwa digrii moja, na ukikosea hapo mwanzo wa mstari utabaki ubavuni mwa bomba utaona mara moja.

Ikigeuka, unarekebisha wapi? Hapa ndipo nimeona vurugu zaidi hata kwa karakana kubwa. Mmoja anageuza kwa kontrola. Mwingine hajui, anageuza kwa ile programu ya kutafsiri mchoro kuwa amri za mashine, wanayoita posti, kwa mfano kwa posti za Fusion, ile programu ya kuchora, kuna mahali mhimili umeandikwa 1, 0, 0 na mtu anaweka alama ya kutoa mbele ya ile 1. Wa tatu anaona bado imegeuka, kwa sababu hasi mara hasi imekuwa chanya, anaanza kuandika alama za kutoa kwa mkono ndani ya kila programu. Mwaka ukiisha hakuna mtu anajua ukweli uko wapi, na siku wakinunua mashine ya pili programu zote zinaharibu kazi. Mimi nasema rekebisha mahali pamoja, na pawe kwenye mashine yenyewe. Mashine ikifuata kanuni, posti yoyote ya kawaida itafanya kazi, na kijana akitoka kwako akaenda Nakuru au Eldoret atakuta mambo ni yaleyale.

Kwa kontrola za Fanuc kuna parameta 2022 ya mwelekeo wa mota, inabadilishwa kutoka 111 kuwa -111 au kinyume chake. Kwa LinuxCNC, programu ya kuongoza mashine, unaweka alama ya kutoa kwa SCALE (hesabu ya hatua) ya huo mhimili. Kwa mota za hatua unaweza, stima ikiwa imezimwa kabisa, kubadilishana waya mbili za koili moja, lakini tafadhali mota za servo, zile zinajipima zenyewe zikizunguka, msizifanyie hivyo, zitaruka. Na ukishageuza, sufuri yako ya zamani si ya kuaminika tena, itafute upya kabla ya kukata chochote.

Ndugu zetu wa mbao nao wasifikiri hii ni ya wanaokata chuma tu. Siku hizi kila mtaa kuna mashine ya CNC ya kuchonga milango na miguu ya viti, na nyingi zimefungwa kifaa cha kuzungusha pembeni kikilala sambamba na Y. Kwa kanuni hicho ni B, si A, hata kama kontrola inakiita A, na jaribio la bomba linafanywa kwa Y na huo mzunguko. Ukichonga nguzo ya kitanda iliyosokotwa huenda usijue imegeuka, kwa sababu nguzo ya kushoto utaiweka kulia na mambo yaishe. Lakini chonga jina la mzee kwenye fimbo yake ndio utajua. Herufi zitatoka kama zinasomwa kwenye kioo.

Kuna jambo lingine dogo linachanganywa na hili, nalitaja tu. Kutoka digrii 350 kwenda digrii 10, kontrola nyingine zinaenda njia fupi ya digrii 20, nyingine zinarudi nyuma digrii 340 nzima, na nyingine zinaangalia alama uliyoandika mbele ya namba. Hilo ni suala la parameta za kuzungusha, si mota kugeuka. Lakini bomba la hewa likiwa limefungwa kwa kifaa, digrii 340 zinatosha kuling'oa, kwa hivyo lijaribu bila kazi mezani kwanza. Na kwa zile mashine za mihimili mitano, kama ni kichwa kinachoinama basi utaona mwendo uleule wa vidole, kama ni meza inayoinama utaona kinyume, na kwa hizo kukosea si kuharibu gia, ni kugonga spindo.

Ombi langu kwenu ni moja. Mrudie ile makala, na safari hii mchore mkono wa kulia ukishika bomba, mchore na bolti kando yake, na mkiandika saa ama kinyume cha saa muandike palepale mtu amesimama mwisho gani wa meza na ni kipi kinazunguka. Walimu wa vyuo vyetu vya ufundi huku magharibi nao wasomao gazeti hili, wapeni wanafunzi kalamu na bomba siku ya kwanza kabla ya kuwapa kitabu, ni nusu saa tu. Na wanaouza mashine, bandikeni mshale.

Mimi wangu nimeupaka rangi nyekundu kwenye kifaa, juu yake nimeandika "A+, kazi inazunguka hivi", na chini yake nimefunga kile kipande cha bomba na bolti kwa waya. Kifaa kikihamishwa, hata kama ni kwa sentimita tano, hakuna mtu anakata chuma kabla mstari haujachorwa upya. Gia ya pili ya mzee wa Malava ilichorwa kwanza kwa bomba, tukalinganisha na ile iliyovunjika, na mzee mwenyewe alikuja akasimama hapo akaangalia kabla hatujawasha spindo.

Ni mimi,
Fundi wa gia,
Kibuye, Kisumu